Mikorosho Sita Kwenye Muhogo wa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Oktoba 1994
Semina ya akina mama leo. Mwalimu Natalia kasema kila mtu anajimiliki: mwili wake ni wake, basi na kazi ya mikono yake ni yake. Serikali haikumpa haki hiyo, kazaliwa nayo! Nimerudi natembea kama nimevaa viatu vipya. Mwanangu Mboni mgongoni, miaka mitatu, kalala fofofo. Hajui kwamba anajimiliki.

Jumanne, 4 Oktoba
Mikorosho yangu sita imezaa! Mara ya kwanza. Niliipanda nina mimba ya Mboni, maji nikibeba ndoo kwa ndoo. Enzi zile korosho hazikuwa na bei, watu walikata mikorosho wakafanya kuni. Sasa matajiri binafsi wanakuja kununua na malori mpaka hapa Kiranjeranje.

Jioni mama mkwe kaja. Shikamoo mama. Marahaba — kavu! Nilikupa shamba ulime muhogo, nani kakwambia upande miti?

Kweli. Shamba la kuazimwa hupandi mti wa kudumu. Ukipanda, hutoki tena, ni kama umedai ardhi. Nilijua. Nikaificha miche katikati ya muhogo, nikanyamaza. Sasa anataka nimwachie miti, la sivyo anaikata yote.

Jumatano, 5 Oktoba
Mume wangu Ridhiwani: mama ni mama. Kageukia ukutani. Haya.

Ijumaa, 7 Oktoba
Baada ya sala tukaenda kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Likwata. Nikasema ardhi ya mama, miti yangu, jasho langu. Ya Mwalimu Natalia nikayamwaga yote!

Mzee akauliza: Mboni umemtengeneza kwa mwili wako, naye ni mali yako?

Watu wakacheka. Mboni akanichomoka mapajani — sitaki kupakatwa!

Nikasema: hapana, babu. Huyu ni wa kwake mwenyewe. Mti haujimiliki, ndiyo maana unahitaji mwenye kuumiliki.

Mama mkwe akasema, na mwenye ardhi je, hana haki ya kuombwa?

Nikainama. Nilikosa, mama, ilinibidi nikuombe kwanza.

Mzee kasema tukaelewane.

Jumamosi, 8 Oktoba
Niko shambani, naandika, daftari magotini. Mboni kajipaka bibo, tunda la mkorosho, mpaka masikioni. Kipenzi changu! Nimemwomba kipande, kaninyima. Haki yake.

Mama mkwe huyo anakuja. Panga mkononi. Kikapu cha kuokotea korosho kichwani. Kafika kwenye muhogo wa kwanza, kasimama.

Kapiga hodi! Kwenye shamba lake mwenyewe —

Ananisubiri nijibu.