Futi Iliyokatwa Ncha

Jumatatu, 3 Machi

Wifi kaja tena. Dada wa mume wangu, muuguzi wa wodi ya wazazi, anatembea kama hospitali nzima kaibeba kwenye mkoba. Eti sijaonekana kliniki mara mbili. Nimemwambia nina sare arobaini za shule za kumaliza — wewe ukiacha wodi wagonjwa watasubiri, mimi nikiacha cherehani watoto wa watu wataenda shule uchi. Hakucheka. Huyu mwanamke alizaliwa bila kicheko.

Akanilaza kwenye meza ya kukatia, juu ya kitambaa cha mteja! Futi yake kaisahau wodini, basi akavuta yangu, hii inayokaa shingoni. Sasa futi yangu ina siri. Mwaka jana pasi iliunguza ncha, nikakata sentimita tatu. Tangu hapo naanzia kwenye tatu, na gauni halijawahi kumkataa mtu. Yeye kaweka ile ncha kwenye mfupa wa kinena, kavuta mpaka kileleni mwa tumbo, kasoma: thelathini na tisa. Mimba ya wiki thelathini na sita, tumbo thelathini na tisa. Mtoto mkubwa, kilo nne zinapita, na bado hajamaliza kunenepa.

Nilimwona anavyokosea: ukitoa zile tatu, tumbo ni thelathini na sita, sawasawa na wiki zake. Nikatulia kama maji mtungini.

Halafu akanibonyezabonyeza. Kichwa kiko juu, mtoto amekaa kitako. Nisithubutu kuzalia zahanati ya hapa kona, hawana chumba cha upasuaji. Niende hospitali kubwa, nipigwe picha ya tumbo kwanza. Akaandika barua ya picha palepale. Nikamwambia hicho si kichwa, ni matako — ukoo wenu wote mna matako magumu, mkikaa, kiti ndicho kinacholalamika.

Wawili wa kwanza nimewazalia kona hapo. Nazaa kama mtu anayepiga chafya. Shule niliiaga darasa la sita, lakini nimeshona miji mitatu na jicho langu linapima mwili ukiwa unapita barabarani. Leo nifundishwe tumbo langu? Na nani? Mtu ambaye siku ya ndoa yake alivaa gauni la fundi mwingine. Sijasahau.

Alhamisi, 6 Machi

Sare ishirini na sita tayari. Karatasi ya kukatia kola imeniishia, nikachukua ile barua ya picha. Karatasi nzito, imetoa kola safi. Angalau imefaa kitu.

Mtoto anacheza chini kabisa, kwenye kibofu, kama anakanyaga pedali. Fundi mwenzangu.

Vipande vilivyobaki nimeshona vikofia kumi na viwili vya vichanga. Kila mwezi nampa mlinzi wa geti la hospitali avipeleke wodini kwa wifi. Wifi hajui vinatoka wapi na asijue. Watoto wa watu hawana kosa.

Jumapili, 9 Machi

Leo kanikoma.

Mama mkwe alituita wote kula. Kumbe wifi keshamjaza maneno: mtoto jitu, kakaa vibaya, na mimi mkaidi. Mama mkwe analia juu ya sahani — mwanangu, utatufia kwa kiburi. Mume wangu anaangalia kikopo cha chumvi kama kitamtetea.

Nikamwambia wifi arudie vipimo vyake mbele ya watu. Akarudia kwa sauti ya mwalimu: thelathini na tisa. Nikaitoa futi, nikailaza mezani. Mama, hebu soma inaanzia ngapi. Mama mkwe akavaa miwani, akainama. Tatu, akasema. Mbona inaanzia tatu?

Hapo mume wangu akacheka mpaka maji yakamtoka puani. Mama mkwe naye akacheka, machozi bado mashavuni. Nami sikuacha — muuguzi gani huyu hajui kutafuta sifuri? Huyu akipima homa si atawazika watu wazima na afya zao? Watu hoi.

Wifi alikunja leso yake mara nne. Akaniuliza, ulijua tangu siku ile? Nikamwambia nilijua kabla hujashusha mkono. Akachukua mkoba. "Sawa, fundi viraka. Futi yako imekatwa ncha. Mikono yangu haijakatwa." Akaacha chakula nusu.

Mama mkwe akasema basi, kona panatosha, huyu binti yangu siku hizi anakosea. Ya kukaa kitako hakuna aliyeyagusa tena.

Nimerudi nyumbani nikajinyoosha kama malkia.

Jumanne, 11 Machi

Kwikwi. Mtoto ana kwikwi tangu saa nne asubuhi. Wale wawili kwikwi zao zilikuwa chini, huko kinenani, nikiketi natikisika nao. Za huyu ziko chini ya ziwa la kushoto.

Matako hayana kwikwi.

Nimebonyeza. Duara. Gumu. Nikilisukuma linacheza peke yake, kama kifungo kikubwa ndani ya mfuko. Nimeshona kofia miaka kumi na minne. Kichwa nakijua.

Nimemwambia mume wangu. Akacheka: na wewe umeanza kama dada? Si ulisema ni matako ya ukoo wetu? Mzaha wangu mwenyewe, kanirushia usoni.

Simpigii wifi. Afadhali nishone suti kwa meno.

Jumatano, 12 Machi

Nimeitafuta ile barua ya picha. Nimeipata. Ni kola. Limebaki neno "tafadhali" na nusu ya sahihi yake.

Sare arobaini zimekwisha. Kisingizio nacho kimekwisha. Simu nimeishika mara tatu, nikaishia kumtukana ikiwa imezimwa.

Ijumaa, 14 Machi

Saa tisa alasiri. Chupa ya uzazi imepasuka, maji yamemwagika. Nilikuwa nimeketi kwenye cherehani, na si mkojo, mkojo naujua. Tarehe bado wiki mbili na ushei.

Mume wangu keshabeba mkoba, twende kona. Nimemwambia akinisogelea nampiga na pasi. Nikampigia wifi.

Akapokea. Nikasema: kichwa kiko juu.

Akauliza, uchungu umeanza? Bado. Kuna kamba ya kitovu imetokeza huko chini? Hakuna. Lala. Weka mto chini ya makalio. Usitembee, usile, kona usikanyage. Nakuja na gari la hospitali. "Na mdomo huo, wifi, ufunge angalau leo."

Nimeufunga.

Naandika nimelala kwenye meza ya kukatia, makalio yako juu ya sare za shule. Mtu akichungulia atadhani nimeanikwa. Mtoto ametulia. Simpendi akitulia. Kanyaga, baba. Au mama, vyovyote ulivyo — kanyaga pedali.

Amekanyaga.

Gari. Mlango. Nasikia wifi anamfokea kaka yake aondoe viti njiani. Nimemwandalia samahani moja, ndogo, saizi ya kichanga. Na tusi moja la akiba, endapo atacheka.

Ameingia. Hajanisalimu. Hajacheka. Ameniuliza barua ya picha iko wapi, nikamwonyesha kola. Ameitazama pande zote mbili, akairudisha mezani. Futi kaivua shingoni mwangu, kaitupa kwenye kikapu cha vipande. Mfukoni mwa koti lake kinachungulia kikofia cha bluu. Mshono wangu. Hajui.

Samahani bado sijaitoa. Ananawa mikono.