Meza ya Wapangaji wa Malvern

Malvern, Johannesburg
14 Juni 2025

Mpendwa kaka Parfait,

Pokea salamu kutoka kwenye baridi yetu. Hujambo huko Philadelphia? Wifi Brigitte mgongo umepoa? Chris anaendeleaje na shule? Sisi tu wazima, ni kikohozi cha majira tu.

Barua yako kuhusu Wayahudi waliohamia Amerika zamani nimeisoma mara tatu. Wale wajane waliopangisha vyumba, wakapika kwa sheria ya dini yao, vyombo vya nyama mbali na vya maziwa, ili mgeni aliyetoka Urusi asichague kati ya njaa na imani yake! Ilinigusa, maana mimi pia ni mjane mwenye wapangaji. Tena ilinifanya nimfikirie Othmani.

Huyu ni mpangaji mpya, mlinzi, mtu wa Kigoma. Wiki tatu nzima, kila nikiita watu mezani alisema ameshiba. Siku moja nikampelekea blanketi, nikamkuta anakula mkate mkavu.

"Chakula changu kina nini?" nikamuuliza.

Akainama. "Mama, sufuria zako zinapikiwa nguruwe. Sikutaka kukusumbua."

Niliona haya, kaka. Jumamosi nikanunua sufuria na visu vipya, nikatangaza kwamba nguruwe haingii tena jikoni kwangu.

Gustave, yule fundi viatu wa kwetu Bukavu, akasukuma sahani. "Falonne, hii ni nyumba ya Wakristo. Tubadilishe jiko lote kwa ajili ya mtu mmoja?"

"Ndiyo," nikamjibu. "Hata wewe ulipofika hapa ulikuwa mtu mmoja."

Akahama, na rafiki yake akamfuata. Eish, iliniuma. Gustave ndiye aliyesimama nami nilipomzika mume wangu. Vyumba viwili viko vitupu, na mwenye nyumba ameanza kuniuliza kodi yake nitailipaje. Lakini sirudi nyuma. Wale wajane waliweza katika nchi ngeni, nami nitaweza.

Jana nilipika sombe, yale majani ya muhogo, kwa samaki, kama alivyopika mama. Othmani akaja mwenyewe, akanawa, akaketi. Alikula polepole, akaomba kuongezewa. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kutusimulia habari za mke wake na watoto aliowaacha Kigoma. Hakuna aliyeinuka mezani mpaka chai ikapoa.

Msalimie sana wifi, Chris, na shangazi Héritière. Mungu awatunze katika kila mlango mnaoingia.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye siku zote,
Falonne