Nimemlilia Mtu Aliye Hai

Jumapili, 1 Juni

Simu kwa Baba, Same, kabla ya kanisa. Maongezi yetu ni yale yale: mvua, kikohozi, mbuzi wa jirani aliyemaliza mihogo. Mimi na Baba hatuna maneno mengine. Nikishauliza mvua nimemaliza, naye anampa mdogo wangu Yona simu.

Kanisani. Kurudi, kufua. Mashine ya chini ya jengo imekula soksi nyingine.

Jioni ujumbe wa Larissa. Anaandika Kiingereza na "Mama" mwanzoni, kama alivyozoea alipokaa hapa Toronto mwaka mzima wa shule, mtoto wa Brazil katika chumba alichokiacha mwanangu Eliya. Mama, njoo kwetu mwezi huu. Tafadhali. Usiulize kwa nini, utaona ukifika.

Nimeusoma mpaka chai ikapoa. Usiulize kwa nini. Sikuupenda.

Jumanne, 3 Juni

Kazini, nyumba ya wazee. Nimetandika vitanda vyote vya upande wangu bila kukumbuka hata kimoja.

Kwetu mtu wa mbali haambiwi msiba kwenye simu. Anaambiwa njoo. Mama alipofariki, Yona alinipigia: dada, Mama ana homa kidogo, ukipata nafasi njoo. Homa kidogo! Nilishuka Same na kopo la vitamini mkononi, nikakuta turubai limeshafungwa uwanjani. Sikumlaumu Yona. Ndivyo inavyofanywa, usije ukaanguka peke yako uwanja wa ndege.

Sasa huyu mtoto naye: njoo, usiulize.

Baba yake sijamwona tangu kabla ya Krismasi. Zamani kila tukipigiana simu ya video lazima ajitokeze, ananyanyua kikombe cha kahawa mbele ya kamera na kupiga kelele, "Mama Toronto!" Ndiyo maneno pekee tuliyokuwa nayo, na yalitutosha. Siku hizi nikimuulizia naambiwa amelala. Ametoka. Anaoga. Mtu gani anaoga miezi sita?

Jumamosi, 7 Juni

Nimempelekea Mama Furaha habari hizi, kwake, hapa hapa Malvern. Yeye ni wa Bukavu, misiba anaijua. Hakufikiri hata kidogo. "Dada, ile ni matanga. Hawakuiti bure. Beba pagne nyeusi, na usiulize mingi." Akaenda kuchukua kitenge chake cheusi kabatini, akanikunjia.

Eliya kasema tofauti. Nimempigia huko anakokaa, Markham, akaniacha niongee Kiswahili changu chote halafu akajibu, "Mum, just ask her."

Muulize tu. Mtoto wa kukulia huku. Unamuulizaje mtu kama baba yake amekufa?

Nimekata tiketi.

Alhamisi, 19 Juni

Kitenge cheusi. Khanga mbili. Nguo nyepesi, maana Brazil ni joto. Nilinunua pipi za sharubati ya mti wa maple, boksi zuri lenye jani jekundu. Nimelitoa kwenye sanduku. Mtu haendi msibani na pipi.

Nimemlilia kidogo Baba Larissa jikoni. Mwanamume ambaye sijawahi kumshika mkono.

Jumamosi, 21 Juni

Sijui nianzie wapi. Nimefanya kitu ambacho hakifutiki.

Ndege mpaka São Paulo, kisha basi mpaka mji wao, juu milimani. Baridi! Hakuna aliyeniambia Brazil ina baridi. Larissa alikuwa kituoni, kajifunga koti mpaka kidevuni. Amekuwa mwanamke. Alinikumbatia, hakuniachia. Nikamwambia pole. Hilo neno analijua, nilimfundisha mwenyewe. Akasema asante, macho yakajaa machozi.

Basi, nikajua. Njia nzima nilimshika mkono, nikanyamaza kama mtu aliyelelewa.

Tukafika kwao. Turubai uwanjani. Viti vya plastiki. Moto mkubwa wa kuni, wanaume wameuzunguka na kofia zao. Wanawake wanakoroga masufuria makubwa. Watu wengi, wanaongea chinichini. Niambie, mtu wa kwetu angeona nini hapo?

Nikajifunga khanga kiunoni. Nikaweka mikono kichwani. Nikaangua kilio pale pale getini, kile chenyewe, cha kwetu. Baba Larissa weee! Umetuacha na nani! Nani atanyanyua kikombe aniite Mama Toronto! Ulinipa mtoto wako hunijui, umeondoka hata sijakushukuru! Na sauti ninayo, hilo nikiri.

Watu wakaganda. Nikaona ndiyo heshima yao, nikaongeza.

Halafu wakapisha, na katikati yao nikamwona mwanamume kwenye kiti cha magurudumu. Kofia ya ukili yenye nyuzi pembeni, shati lenye viraka, masharubu ya kuchora. Upande mmoja wa uso umelegea. Ananitazama.

Baba Larissa.

Nikakatiza neno katikati. Mama Larissa akaangusha mwiko, akafanya ishara ya msalaba, akashika kile kiti na kukisukuma ndani. Mlango ukafungwa.

Ni sikukuu yao. Ya Mtakatifu Yohana, ya Juni. Wanavaa viraka kwa makusudi, wanawasha moto, wanapika mahindi, wanacheza. Muziki ulikuwa bado tu haujawashwa. Kulikuwa na vibendera vya karatasi vya kila rangi juu ya kichwa changu. Sikuviona. Mwenye msiba haangalii juu.

Jumapili, 22 Juni

Larissa amenieleza. Alikuwa na madoa ya kuchora mashavuni, hajayafuta tangu jana, akilia yakawa matope.

Ni kiharusi. Kabla ya Krismasi. Upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yote yameondoka, hata jina la mwanawe. Anasikia, anaelewa, hasemi. Akakataa kuonwa na mtu. Marafiki waligonga mlango mpaka wakachoka. Kila Larissa aliposhika simu kunipigia, babake alitikisa kichwa, nisijue. Miezi yote hiyo. Akakubali jambo moja tu: kama Mama Toronto atakuja, atatoka nje siku ya sikukuu. Jana ilikuwa mara yake ya kwanza kutoka nje ya mlango ule.

Na mimi nikamzika.

Larissa kaniuliza kwa nini sikuuliza. Nikamwambia uliniambia nisiulize. Akasema ilikuwa iwe furaha, Mama, nilitaka ushangae. Tumekasirikiana wote wawili, kila mmoja ana haki.

Kumlilia mtu aliye hai nako huku ni uchuro. Nilidhani ni kwetu tu. Kumbe uchuro hauhitaji viza. Mama Larissa amewasha mishumaa mbele ya sanamu ya Bikira, haniangalii. Mzee hajala tangu jana. Mlango umefungwa.

Naogopa. Akifa, nimemchuria mimi. Asipokufa, akibaki mle ndani mpaka mwisho, ni mimi tena. Na Larissa ndiye mtoto pekee aliyebaki anayenitafuta na kuniita Mama kabla sijampigia. Nikimpoteza huyu nitakuwa nimekuja mbali sana kumpoteza.

Jumatatu, 23 Juni

Siku ya tatu. Mgeni siku ya tatu mpe jembe, basi nimeamka, nimekwenda kuosha vyombo. Mama Larissa amenitoa sahani mkononi, taratibu, kama unavyomnyang'anya mtoto kisu. Nikashika ufagio. Nao ukachukuliwa. Sijui huku mgeni hafanyi kazi, au mimi ndiye nisiguse kitu.

Mchana wana ugali! Wa njano, laini, na maharage na sukuma wiki zilizokatwa kama nyuzi. Nikasahau, nikafurahi, nikaumega kwa mkono. Nikainua uso, wamenitazama. Nikashika uma.

Sahani ya mzee imerudi kama ilivyokwenda.

Navaa sweta ya Larissa, inaniishia kwenye kiwiko. Sanduku langu limejaa nguo za msiba na za jua, na hapa hakuna msiba wala jua. Nimemwomba anitafutie namna ya kurudi mapema. Alichukua vikombe akatoka.

Jumatano, 25 Juni

Niandike kama ilivyokuwa, pengine nitaelewa.

Asubuhi nilikuwa nakunja vitenge. Kelele chumbani kwa mzee: kijiko kikigonga kikombe. Kinaacha, kinaanza. Larissa akaja mbio, kapauka. "Mama, anakutaka wewe."

Nikaingia nikiwa nimejiandaa kufukuzwa. Shikamoo ikanitoka yenyewe. Amekaa kitandani, mito nyuma. Ni mdogo kuliko kwenye simu. Kwa mkono wa kushoto akaninyooshea kidole mdomoni. Halafu akagusa sikio lake. Mdomo wangu, sikio lake.

Sikuelewa. Larissa naye hakuelewa. Akakasirika, akagonga kikombe. Larissa akamuuliza jambo kwa lugha yao, akatikisa kichwa, akamuuliza lingine, akaitikia. Binti akanigeukia. "Anataka kujua ulisema nini. Getini."

Nikasema siwezi. Mtu haliliwi mara mbili, na haliliwi anakutazama. Kikombe: ko, ko, ko.

Basi nikakaa kwenye ukingo wa kitanda. Sikulia. Niliyasema maneno tu, kwa Kiingereza, moja moja, Larissa akiyageuza. Baba Larissa, umetuacha na nani. Nikaona aibu mpaka masikio. Nani atanyanyua kikombe aniite Mama Toronto. Hapo akakinyanyua. Kikombe kikainama, kahawa ikamwagika shukani, naye hakukishusha. Ulinipa mtoto wako hunijui. Umeondoka hata sijakushukuru.

Nikafika pale nilipokatiza. Akaninyooshea kidole mdomoni tena.

Yaani niendelee! Na yaliyoandaliwa yalikuwa yamekwisha. Ikabidi nitafute. Nikamwambia majira ya baridi yale, alipompigia binti yake kila asubuhi, yeye ambaye hajawahi kuiona theluji, kumwambia atoke akanisafishie gari kabla sijaenda kazini. Nikamwambia gari halikuwa langu. Lilikuwa la jirani, maegesho yanafanana; langu nikilikuta jeupe nilidhani theluji imeanguka tena. Alilisafisha mwezi mzima kabla hatujajua, na jirani hakusema kitu, aliondoka nalo tu kila siku.

Larissa akashindwa kutafsiri kwa kucheka. Alipomaliza, mabega ya mzee yalitikisika. Uso wake sasa unacheka nusu, na hiyo nusu ilicheka. Mlangoni alisimama Mama Larissa na taulo la vyombo. Akajifunika nalo uso, akaondoka. Sijui alicheka au alilia, na sikumfuata.

Mzee amekula. Ugali, mabakuli mawili.

Sielewi. Nilikosea, au sikukosea? Larissa anasema tangu augue watu wanaongea juu ya kichwa chake: vidonge, choo, nani atamgeuza. Nami nilipiga yowe mbele ya mtaa mzima kwamba hapana mwingine kama yeye. Lakini nilisema hivyo kwa kuwa nilidhani amekufa. Angekuwa hai ningemwambia habari za hali ya hewa.

Ijumaa, 27 Juni

Naondoka kwa tiketi yangu ile ile. Asubuhi amekaa barazani na kofia ya ukili, jua limemfikia magotini. Majirani wanapita, wanasimama. Wengine wananitazama mimi na kunong'ona, nadhani nimekuwa hadithi ya mji. Na wawe nayo.

Mama Larissa amenipa mfuko wa mikate midogo ya jibini, ya moto. Kisha akanifunga skafu yake shingoni, kwa nguvu kuliko inavyohitajika. Ni upendo au bado ana hasira? Labda vyote viwili. Sikuuliza.

Larissa amenipeleka kituoni. Akaniita Mama mara nyingi bila sababu.

Jumapili, 6 Julai

Malvern. Kufua kabla ya kanisa, mashine zikiwa tupu. Kitenge cha Mama Furaha kinarudi kikiwa safi. Anataka maelezo, sijampa.

Simu ikaita huko huko chini. Yona. "Dada, habari za huko. Baba ana homa kidogo. Ukipata nafasi, njoo."

Nikakaa juu ya kikapu cha nguo.

Nikamuuliza, yuko hai? "Dada, unaulizaje hivyo?" Nikarudia: Yona, Baba yuko hai? Mpe simu. Akaanza habari za daktari. Nikamwambia mpe simu, sasa hivi, au niambie.

Nikasikia mlango. Nikasikia kandambili za Yona. Muda ukapita, na humo ndani yake nilikuwa nimeshamzika na kurudi.

Halafu kikohozi. Kile chenyewe.

Shikamoo, Baba. Marahaba. Kwa mazoea nikauliza mvua. Akasema hakuna. Basi, tumemaliza, akasubiri niage.

Sikuaga. Nikamwambia nakumbuka alivyokuwa akinibeba mgongoni kuvuka korongo lilipojaa, nikienda shule, viatu vyangu kavishika kwa meno ili mikono ishike fimbo na mimi. Nikamwambia sijawahi kumshukuru kwa vile viatu. Sauti yangu ilikuwa mbaya.

Nikadhani laini imekatika.

"Kwani nakufa?"

Hapana, Baba. Una homa.

"Ndiyo. Homa." Akakohoa. "Haya, endelea."

Mashine ikasimama. Mama mmoja wa ghorofa ya juu akashuka, akasubiri, mwishowe akatoa nguo zangu na kuziweka pembeni, nami nilikuwa bado naongea.