Bibi Amesema Anaishi Peke Yake

Remmy na Dorine,

Mnapita mlangoni kwa Bibi mmegeuza shingo, kama mnapita ofisi ya mtendaji wa mtaa mkidaiwa mchango. Nimewaona, na mimi sisahau. Maharage yako jikoni, yapasheni. Simu ya Bibi iko chaji, mtu asiichomoe.

Leo asubuhi alipigiwa na Zulfa, yule dada wa Tunduru anayejitolea kuwapigia wazee simu kila Jumatano. Bibi alifunga kilemba kipya tangu saa moja, akimsubiri mtu asiyemwona. Wakacheka, wakaulizana habari za mikorosho. Kisha nikamsikia: "Hapana, mwanangu, mimi naishi peke yangu."

Tuko wanne humu ndani. Mimi ninayepiga kelele kwenye kila mkutano wa mtaa niliondoka koridoni kwa kunyata, nikaja kuandika karatasi hii.

~~Tutaongea nikirudi.~~ Hapana, msinisubiri. Remmy, ulipougua surua Bibi alikubeba mgongoni kutoka Ruhuwiko hadi hospitali. Wewe umesahau, mimi nakumbuka.

Wekeni karatasi hii chini, chukueni sahani zenu, mwingie kwake, mwamkieni, mle naye. Sasa hivi, kabla hamjavua viatu.

Shangazi yenu