Wimbo Niliouandika Nimekaa

Kalemie, Ijumaa tarehe 14 Novemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Evodie,

Pokea salamu kutoka upande huu wa ziwa. Je, goti limepoa? Papa Prospère na watoto hawajambo huko Kigoma? Sisi tu wazima. Mvua zimeanza, na bironi, yaani ofisini kwetu bandarini, paa linavuja juu ya meza yangu tu, lakini afya ipo.

Ulisikitika kwamba goti halitakuruhusu kuvuka kuja kwenye misa ya mwaka mmoja tangu Mama afariki, Jumapili hii. Basi nikuambie jambo ambalo sikuthubutu kulisema kwa simu: nimetunga wimbo wa kupelekea sadaka siku hiyo. Wewe ndiye uliyenifundisha solfeji, kusoma na kuimba noti, kwa hiyo nakueleza kila kitu.

Mbegu yake ni zile sauti nne alizokuwa akivumisha Mama akichekecha unga wa muhogo: sol, sol, la, mi. Unazijua. Nilifanya ulivyonifunza. Nikazirudia, nikazishusha kidogo, nikazirudia tena, ili sikio lizizoee kabla ya kupewa kitu kipya. Mstari wa kwanza unaishia kwenye re, kama mtu aliyeuliza akangoja. Wa pili unajibu na kutua kwenye do. Kilele nimekiweka mahali pamoja tu, kwa kuwa ulisema wimbo wenye vilele vingi ni uwanda.

Lakini niliuandika kwa mapigo matatu matatu. Nikiwa nimekaa mezani, nikiusikiliza kwenye simu, ulipendeza mno.

Jumamosi iliyopita tukaujaribu. Unajua sadaka yetu haibebwi kimya. Wamama huipeleka wakicheza, mguu wa kuume, mguu wa kushoto. Kwa mapigo matatu, pigo zito likawa linaangukia mguu huu, mara mguu ule. Mabeseni ya sadaka yakagongana. Mama Adrienne, yule rafiki wa Mama, akasimama katikati ya kanisa: "We mutoto wa biro! Tupeleke sadaka ao tuanguke nayo?" Wote wakacheka. Nilitamani kujificha nyuma ya ngoma.

Maestro Anatole, kiongozi wa kwaya, hakucheka. Alisema wimbo usipotembea kufikia Alhamisi, tutaimba ule wa kila siku. Niliogopa sana. Mama alitangulia mstari wa sadaka miaka yote. Sasa angekumbukwa kwa kicheko, na kwa sababu yangu.

Jumatatu nilitoka kazini kwa miguu, kando ya reli, nikiuimba kwa sauti ndogo. Miguu ikakataa. Kila nilipofika pigo la tatu, ilidai la nne. Nikaiachia. Neno "pokea" la wimbo likarefuka, na baada yake pakapatikana nafasi ya kuvuta pumzi, ambayo kumbe sikuwa nimeiacha popote! Wimbo wa sadaka hautungwi mtu akiwa amekaa, Mama Mdogo.

Jana tukajaribu tena. Mama Adrienne alinitupia jicho la kunionya, akainua beseni. Wakaenda. Wakafika mbele wimbo haujaisha, wala hawakusimama: wakageuka, wakarudi mlangoni, wakaanza upya bila kuambiwa. Maestro akasema tu, "Sawa. Njo huu," yaani ndio tutakaouimba.

Bado naogopa, maana anataka mimi niite mstari wa kwanza, mbele ya kanisa lililojaa.

Kwa hiyo nina ombi. Mwenzangu wa kazini, Christophe, anapanda boti leo jioni, naye atakufikishia barua hii. Misa yetu ni saa tatu. Kwenu itakuwa saa nne. Mahubiri yetu unayajua urefu wake. Saa tano yenu ikikaribia, tutakuwa tunapeleka sadaka: piga makofi, manne manne, polepole, uimbe zile sauti za Mama. Goti likikubali, simama. Sitakusikia, lakini nikijua kuna anayeitikia ng'ambo, nitaweza kuita.

Mireille hapa nyumbani anakusalimu, na Mama Adrienne pia. Nisalimie Papa Prospère na watoto, Lucie na Chancelle. Mungu aliponye goti lako na ailinde nyumba yako.

Mwanao akupendaye, na anayekutegemea Jumapili,

Landry