Kighuba Nyuma ya Matete

Jumatatu, 4 Agosti

Kuchota maji tena. Kopo la rangi, mgongo unauma. Mtumbwi huu unavuja, umefungwa kamba nyuma ya mashua, na aliyekaa ndani yake ni mimi, mwenye mashua. Masanja, mdogo wa marehemu mume wangu, ndiye kashika usukani. Anasema mwanamke akipanda mashua ni mkosi, samaki watakimbia. Na leo hata hatuvui. Tunatafuta kighuba alichokuwa akifichia mashua Maduhu wangu, ziwa likichafuka. Ukoo ulinikabidhi mashua mbele ya watu, lakini kuikanyaga nisiikanyage. Upuuzi mtupu.

Jumatano, 6 Agosti

Hapa mwaloni Lamadi, tunapoegesha, mawimbi yanaibamiza mashua kwenye mawe. Ubao mwingine umepasuka. Masanja ana dawa yake: tusipopata kighuba, nimwachie aipeleke kwake. Kwake! Dagaa wa mashua hii ndio wanaosomesha wanangu. Pamba ya shambani Ngulyati peke yake haitufikishi popote.

Leo tumepita tena pale tulipopita juzi. Ukuta wa matete kati ya miamba miwili. Kote mawimbi yanavunjika, pale hayavunjiki. Nikapaza sauti tukaangalie. Masanja akajifanya hasikii. Ngasa, anayeshughulika na tanga, alisikia. Alinitazama, akainamisha kichwa.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefungua kamba. Basi. Mashua ikaenda zake, nikapiga kasia mwenyewe. Masanja akawa anafoka huko mbele, upepo unamsukuma.

Matete yanainama, mtumbwi unapita. Mlango mwembamba, ila mashua inaingia tanga likishushwa. Ndani maji yametulia kama ya mtungini. Nikazamisha ufito mrefu, haukugusa chini mpaka nilipokaribia ufuko. Miamba pande zote, upepo unapita juu kwa juu.

Ufukweni nyavu zimeanikwa. Maboya yake ni vipande vya madumu ya njano. Nyavu za Masanja, nazijua, nimezishona mwenyewe. Bado zina maji.

Kumbe siku zote hizi ananiburuza ziwani kutafuta mahali anapoanika nyavu zake. Mshenzi. Nikageuza mtumbwi.

Ijumaa, 8 Agosti

Nimemsuta mwaloni mbele ya watu. Hakuona hata haya. "Shemeji, aliyekataza ni kaka. Alisema pale usipajue." Nikamwambia asimsingizie marehemu.

Jioni nikaenda kwa Ngasa. Amefanya kazi na Maduhu miaka mingi. Nilitaka aniambie tu kwamba Masanja ni mwongo. Alikuna goti.

"Ni kweli, mayu, mama yangu. Alisema ukipajua utamfuata hukohuko. Alipenda kupumzika."

Kupumzika. Zile jioni zote alizosema upepo ulimzuia katikati ya ziwa. Mimi nimepiga magoti na rozari, watoto wanauliza baba yuko wapi, na yeye kakaa pale anachoma sato. Akirudi namchemshia maji ya kuoga, nampa pole. Pole ya nini? Sijala tangu mchana. Nikifika nyumbani picha yake naishusha ukutani.

Jumapili, 10 Agosti

Jana tumeiingiza mashua, Ngasa na mimi. Nilikaa ndani, karibu na mlingoti. Ngasa akashusha tanga. Masanja hakuja, ila nyavu zake ameshaziondoa.

Leo baada ya misa nimerudi peke yangu kwa mtumbwi kuitazama. Nje upepo unavuma, mawimbi yanasikika. Mashua haitikisiki. Haiendi kwa Masanja wala kwa mtu yeyote.

Nimekuta mafiga matatu chini ya mwamba, yana masizi ya siku nyingi. Palipokuwa pakikaliwa, jiwe limelainika. Nimewasha moto, nimechemsha muhogo, nikala nikitazama maji.

Mahali pazuri. Angenileta hata siku moja.