Gari la Harusi Limepata Dereva Mwingine

Mama,

Bila mimi hilo gari kuukuu la Baba haliwaki, kila mtu humu ndani anajua. Nguo nimeanika, zianuliwe mvua ikianza.

Basi asubuhi hii limewaka mara moja! Aliyeliwasha ni Shemeji, tena amevaa kofia yangu ya udereva. Dada ndiye aliyemfundisha kuvuta choki, ile waya ya kuamshia injini baridi, na kulibembeleza, siri niliyomwambia yeye peke yake. Baba hata hakunitazama. "Bi harusi wa leo anataka dereva mtu mzima, mwanangu. Wewe utaliosha likirudi."

Uliposema gari lijilipie matengenezo la sivyo liuzwe kama chuma chakavu, nani alileta wazo la kulikodisha kwenye harusi? Nani ameling'arisha wiki nzima mpaka kucha zinanuka nta? Leo nimekuwa mwosha magari.

Ninakwenda kwa Shangazi. ~~Sirudi tena.~~ Nitarudi jioni. Chakula changu mniwekee, na Dada asikiguse.

Yeye na Shemeji wamekwenda kujaza mafuta, watapita hapa kulipamba. Wakiulizia ule utepe mweupe wa kufunga mbele ya gari, waambie sijauona tangu jana.

Kitinda mimba wako,
dereva mstaafu

Mama, kumbe Bibi amesimama nyuma yangu muda wote huu, anasoma. Ananiuliza, "Mjukuu wangu, na hicho cheupe kinachoning'inia mfukoni mwako ni mkia?"